Ndege Inapokataa Kusikia

Kwa muda wa miaka mingi nimeketi mbele ya meza ya kutengenezea redio hapa Kamatanda, pembezoni mwa mji wa Likasi, na katika muda huo wote sikupata kuletewa shauri gumu kuliko lile la kijana aingiaye amekumbatia mabaki ya ndege yake ndogo ya kuongozwa kwa redio, pua imepondeka, bawa moja limeachana na kiwiliwili, naye, kabla hata salamu yake haijaitikiwa, amekwisha kukata hukumu kwamba ndege imeangushwa na mwingiliano wa mawimbi. Mshitakiwa wake hubadilika siku kwa siku: leo ni mnara wa simu, kesho ni nyaya za umeme wa msongo mkubwa, keshokutwa ni treni iliyokuwa ikipita saa ile, au jenereta ya wachimbaji walio ng'ambo ya barabara. Mimi humwomba aketi kwanza, nikachukua bisibisi, na kabla sijamuuliza neno lolote juu ya mnara nikaanza kuipima betri.

Sisemi kwamba mwingiliano ni uzushi. Upo, na kwetu sisi una malisho zaidi ya mahali pengi, maana Likasi ni mji uliozaliwa na shaba, na shaba haichimbwi wala haiyeyushwi bila umeme mwingi: nyaya nene zinazotoka kwenye mitambo ya maji ya mto Lufira na ya Lualaba zimepita juu ya vilima vyetu, reli imetiwa umeme tangu miaka ya 1950, na hapa Kamatanda penyewe wachimba madini wa mikono na wenye mashine wanafanya kazi bega kwa bega. Walakini ninalotaka kumwambia msomaji, na ambalo nimejifunza kwa gharama, ni kwamba sehemu kubwa ya mwingiliano tunaoutafuta angani umo ndani ya kiwiliwili cha ndege yenyewe, au umo katika desturi zetu wenyewe tuwapo uwanjani, na kwamba aghalabu waweza kutambulikana ndege ingali chini, kwa nusu saa ya subira.

Nami nilikuwa mmoja wa washitaki hao. Mtambo wangu wa kwanza, wa megahezi 35, niliupata kwa jamaa aliyerudi kutoka Ubelgiji, na ndege niliyoutilia ilikuwa ya mbao laini, yenye sevo nne, zile mota ndogo zinazosogeza usukani wa ndege, na betri ya nikeli na kadimiamu ya seli nne, yaani volti 4.8. Iliruka vizuri asubuhi, ikaruka vizuri jioni, lakini kila nilipoipeleka upande wa reli mkia ulianza kutetemeka, hata Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, vumbi limetanda na nyasi zimekwisha kuchomwa, ikageuza pua chini mbele ya macho ya watoto wa mtaa, mmoja wao akapiga ukelele, “Papa, haisikii tena!”, nami nimesimama nikivuta kijiti cha mtambo nyuma kwa nguvu zangu zote, kama kwamba nguvu za kidole zingeweza kufika kule ndege iliko.

Siku ya pili nilikwenda relini na kipokezi na sevo moja, nikaviweka juu ya jiwe, nikangoja. Treni ikaja, na pale mkono wa chuma ulio juu ya kichwa chake ulipoachana na waya na kutoa cheche za rangi ya samawati, sevo yangu ikashtuka mara mbili, mshtuko mdogo, kisha ikatulia. Nikarudi nyumbani nimeridhika kwamba mwizi nimemkamata. Lakini wiki moja baadaye, nilipoikata ala ya waya mweusi wa ile betri ili niifungie ndege nyingine, nikaona nyuzi zake za shaba si nyekundu tena: zimekuwa nyeusi tii tangu kwenye seli hadi kwenye swichi, zimekauka na kuvunjikavunjika, na lehemu ikakataa kuzishika. Hayo ni maradhi yajulikanayo ya betri za namna ile zinapozeeka, nayo hula waya wa upande wa hasi kimyakimya chini ya ala yake. Nilipopima betri hiyo ikiwa haina kazi nilipata volti 5. Nilipozizuia sevo mbili kwa vidole ili zivute nguvu, sindano ikaanguka chini ya 4. Na upande wa reli je? Upande wa reli ndipo nilipokuwa nikiipinda ndege ili irudi nyumbani, sevo zote nne zikifanya kazi kwa pamoja, na betri yenye waya uliooza haikuweza kuzilisha zote. Treni haikuwa na hatia. Tangu siku hiyo sijamsikiliza mtu anayeanza na mnara.

Ama sasa tutazame mitambo yenyewe, maana nasaha hutofautiana kwa kadiri ya mtambo alionao mtu. Kuongoza chombo kwa redio si jambo la jana: Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo ya namna hiyo mwaka 1898, na ndugu wawili wa Marekani, Walter na William Good, walikuwa na ndege yao ya redio mwaka 1937. Kwa miaka mingi baadaye kila nchi ilizitengea ndege hizi fungu lake la masafa. Wabelgiji na majirani zao walitumia megahezi 35, Wafaransa wakawa na 41 pia, Wamarekani 72, na wengine wakabaki na 27, ambayo walishirikiana na wenye redio za mazungumzo za madereva wa malori, kwa hasara yao. Mitambo hiyo, iliyoletwa na Wazungu wa migodi au na jamaa zetu wa ng'ambo, ingalipo katika masanduku ya Likasi na Lubumbashi, na mingine ni mizima kabisa. Kisha tangu mwaka 2005 au karibu yake ikaenea mitambo ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo vijana wengi wanayo leo.

Mwenye mtambo wa zamani na ajue kwamba chaneli yake ni kama kiti kimoja: wakikaa wawili, mmoja ataanguka. Kwenye megahezi 35 chaneli hupandana kwa kilohezi 10 tu, ya 61 ikiwa megahezi 35.010, ya 62 ikiwa 35.020, na kuendelea hivyo, na namba ya chaneli imeandikwa juu ya kioo kidogo cha kristali kinachochomekwa mtamboni na kipokezini. Kama watu wawili wana kristali za 70, yule wa pili anapowasha mtambo wake, hata akiwa bado yu chini ya mti akijaribu usukani, ndege ya wa kwanza iliyo angani imekwisha kupotea, wala hapana ustadi wa kidole utakaoiokoa. Dawa yake ni ubao na vibanio vya nguo. Ubao huchorwa namba za chaneli zote, na kila namba huwa na kibanio chake. Asiyekishika kibanio cha namba yake mkononi, au hakukibana kwenye antena yake, hana ruhusa ya kugusa swichi. Ni jambo dogo sana, na kila uwanja niliousikia ukiliacha ulilipa kwa ndege.

Kuna fitina nyingine ya mitambo hii ambayo watu hawaitambui kwa sababu haionekani katika namba. Mitambo miwili inapofanya kazi karibu karibu, mawimbi yake huchanganyika na kuzaa wimbi la tatu, na hesabu yake ni rahisi: chukua namba ya mmoja, izidishe kwa mbili, toa namba ya mwenziwe. Wenye chaneli 65 na 70 wakiwasha pamoja, mtoto wao huzaliwa kwenye 60 na kwenye 75. Kwa hiyo yule wa tatu mwenye 75, ambaye amehakikisha kwa kiapo kwamba hapana mwingine mwenye namba yake, ataona ndege yake ikitetemeka na hatajua kwa nini. Mkiwa watatu au zaidi, chagueni namba ambazo hazipishani kwa hatua zilizo sawa.

Na hapo linaingia jambo ambalo naliona kuwa la kwanza katika adabu zote za uwanja, nalo ni mahali pa kusimama. Nguvu ya wimbi hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili, inayofika ni robo; ukienda mara kumi, ni sehemu moja ya mia. Sasa fikiri ndege yako iko meta 300 kutoka kwako, na mwenzako, kwa kupenda kivuli, amesimama peke yake mwisho wa uwanja, meta 10 tu kutoka hapo ndege yako inapopita. Mtambo wake wa chaneli ya jirani utasikika katika kipokezi chako kwa nguvu mara 900 kuliko wako, na hapana kipokezi cha bei ya kawaida kitakachovumilia hayo. Wasimame warushaji wote mahali pamoja, hatua chache baina ya mtu na mtu, na dhuluma hiyo itakwisha yenyewe, kwa kuwa kila mmoja atakuwa mbali na ndege zote kwa kadiri moja.

Mitambo mipya ya gigahezi 2.4 imetuondolea ubao na vibanio. Badala ya kukaa kwenye kiti kimoja, huo mtambo na kipokezi chake, vilivyokwisha kufundishwa kujuana, huruka pamoja kutoka masafa haya hadi yale mara nyingi katika sekunde moja, ndani ya uwanja ulio kati ya megahezi 2,400 na 2,483.5, hata vikikutana na mgeni njiani huwa vimekwisha kuhama. Wazo la kurukaruka hivyo si geni: mwaka 1942 mcheza sinema Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza Marekani ya mtambo wa kuongoza kombora la baharini kwa kurukia masafa 88, idadi ya vibao vya piano. Lakini msomaji asidhani kwamba amepewa hirizi. Nguvu ya mitambo hii aghalabu haizidi sehemu moja ya kumi ya wati, na uwanja wake wa masafa ni uwanja wa umma: humo mna waifai, mna simu zilizogeuzwa kuwa vituo vya intaneti, mna vifaa vya kurushia picha. Mtazamaji mmoja mwenye simu mfukoni hana dhara. Watazamaji thelathini waliokuzunguka, kila mmoja akiwashirikisha jirani zake intaneti, ni jambo jingine, nami huwaomba kwa upole wazime au wasogee. Na atakayetia kamera ya kurusha picha ndani ya ndege asichague kamera ya gigahezi 2.4, kwani atakuwa amempakia adui ndani ya jahazi lake. Achague ya 5.8.

Adui mkubwa zaidi wa mawimbi haya, hata hivyo, ni kizuizi. Urefu wa wimbi moja la megahezi 35 ni zaidi ya meta 8, nalo huzunguka mti na mtu kama maji yanavyozunguka nguzo. La gigahezi 2.4 lina sentimeta 12 na nusu, na hupenda njia iliyonyooka. Nchi yetu ya Katanga ni nchi ya vichuguu, na vichuguu vyetu vingine hupita kimo cha nyumba, udongo mgumu uliokandwa na mchwa kwa miaka isiyohesabika. Nimeona ndege ikipita nyuma ya kimoja kati ya hivyo kwa kimo cha chini, mwenyewe akitaka kuwafurahisha watoto, na haikutokea upande wa pili. Hapakuwa na mwingiliano wowote. Palikuwa na udongo. Kadhalika miti ya miombo baada ya mvua ya Novemba, majani yote yakichuruzika maji, hulimeza wimbi hili ambalo mwezi wa Septemba lilipita kati ya matawi makavu bila taabu, na kiwiliwili cha binadamu nacho, kwa kuwa ni maji mengi, humeza vilevile. Usiigeuzie ndege mgongo, wala usikubali watu wasimame mbele yako. Mimi husimama juu ya kichuguu badala ya kusimama nyuma yake.

Antena ina haki yake ambayo wengi huivunja bila kujua. Katika kipokezi cha 2.4, kipande kinachosikia ni kile cha mwisho tu, milimeta 31 hivi zilizovuliwa ala ya nje, na kijana akikikata kwa sababu kimemzidia urefu, amekata sikio. Vipokezi vingi vina antena mbili: zipangwe zikifanya pembe ya mraba, moja ikilala na moja ikisimama, ili ndege inapoinama kwa namna yoyote iwepo inayosikia. Zikae mbali na betri na mota, na kamwe zisifungiwe ndani ya kiwiliwili cha nyuzi za kaboni, maana kaboni ni ukuta. Antena ya mtambo wa mkononi, nayo, hutoa mawimbi kwa ubavu wake. Ukiielekeza ncha kwenye ndege kama mtu anayeelekeza kidole, umeielekezea upande ule ule ulio bubu. Mwenye mtambo wa zamani na afanye kinyume cha uvivu: antena yake ndefu aivute yote, na ule waya wa kipokezi, karibu meta moja, autandaze hadi mkiani bila kuukunja wala kuuzungusha, na asiufupishe hata kwa upana wa kidole.

Sasa turudi ndani ya ndege, ambako ndiko ninakotaka kukaa. Mota za zamani zenye brashi hutoa cheche kila zinapozunguka, na kila cheche ni kituo kidogo cha redio kisicho na leseni, kinachopiga kelele katika masafa yote. Wanaozitumia na walehemu kapasita ndogo tatu za kauri, za mikrofaradi 0.1, moja kati ya ncha mbili za mota, na moja kutoka kila ncha hadi kwenye ganda lake. Mota mpya zisizo na brashi hazina cheche, lakini kidhibiti mwendo chake hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo kikae mbali na kipokezi, nyaya zake nene zifupishwe, na nyaya za sevo zisifungwe pamoja nazo katika fungu moja kama kuni. Sevo yenye waya mrefu, hasa ya mkiani au ya ncha ya bawa, na izungushiwe pete ya feriti mara mbili tatu karibu na kipokezi. Na ukitumia injini ya petroli yenye plagi ya cheche, weka plagi yenye ukinzani ndani yake, vika waya wake ala ya chuma, na uache angalau sentimeta 30 kati ya vitu vya moto na vitu vya redio. Chuma kinachogusana na chuma kikitetemeka, kama fimbo ya chuma katika mkono wa chuma wa kabureta, nacho hupiga kelele. Tia kipande cha nailoni katikati.

Lakini kama msomaji atakumbuka jambo moja katika makala hii, na alikumbuke hili la umeme wa kipokezi. Kipokezi cha 2.4 ni kompyuta ndogo, na volti ikishuka chini ya kiwango chake, hata kwa kufumba na kufumbua, huzimika, kisha huwaka upya na kuanza kumtafuta bwana wake. Machoni pa mrushaji ndege imekufa sekunde moja au mbili, halafu imefufuka, au imefufuka ikiwa imekwisha kufika chini, na kila mtu uwanjani atasema mawimbi, mawimbi. Kwetu maradhi haya yana sababu tatu za pekee. Umeme wa mjini hukatika, na betri iliyowekwa jioni kwenye chaja huondolewa asubuhi ikiwa nusu, mwenyewe akiamini imejaa. Vumbi letu jekundu, likichanganyika na jasho la vidole na umande, hula vichomeko hata vikaota ukungu wa kijani kama mawe ya Kamatanda yenyewe. Na kwa kuwa tunaishi juu, zaidi ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, ndege haivutwi kama maandishi ya kiwandani yanavyoahidi, na vijana hutafuta dawa kwa kutia panga kubwa zaidi, ambazo nazo hunyonya betri kupita kiasi. Kile kipunguza volti kilichomo ndani ya kidhibiti mwendo, ambacho hukilisha kipokezi kutoka katika betri kubwa, mara nyingi kimeundwa kwa sevo ndogo tatu au nne. Ukikipa sita za nguvu, umempa punda mzigo wa lori. Pima volti ya kipokezi huku mtu akizuia sevo kwa mkono. Baadhi ya vipokezi huwashawasha taa baada ya kuzimika, kwa hiyo unapoifikia ndege iliyoanguka, kabla hujaokota vipande na kabla hujakata umeme, tazama taa.

Jaribio la ardhini ndilo hakimu wa yote haya, nami nitalieleza kama ninavyolifanya. Weka ndege juu ya meza ya mbao au juu ya gunia la majani, si juu ya ardhi tupu wala juu ya boneti ya gari. Mtambo wa zamani ushushiwe antena yote. Mtambo mpya una kitufe au fungu katika programu yake linalopunguza nguvu kwa makusudi. Mwenzako aishike ndege barabara nyuma ya bawa, wewe nenda ukirudi nyuma huku ukitikisa usukani, hatua kwa hatua, hadi hatua 30, ukihesabu, na yeye akuambie ni hatua ya ngapi sevo zilipoanza kusita. Andika namba hiyo. Kisha mwenzako, akiwa nyuma ya panga na hana skafu wala mkufu shingoni, aishike tena, nawe uwashe mota, robo, nusu, kisha yote, na uhesabu upya. Kama ulifika hatua 30 mota imelala, na ukafika 28 mota inanguruma, ndege yako ni nzima. Kama ulifika 30, kisha ukafika 12, usiende kuitazama treni. Kelele imo ndani, na umeipata bila kuvunja hata kijiti. Jaribio hilo lifanyike kila mwanzo wa siku, na kila baada ya kubadilisha kitu chochote, na namba zake zikae katika daftari, maana ndege iliyokuwa ikisikia hatua 30 mwezi wa Mei na sasa inasikia 20, inakuambia jambo.

Fauka ya hayo kipokezi kifundishwe la kufanya kitakapokuwa kiziwi. Karibu mitambo yote mipya ina nafasi ya kuweka amri hiyo, na amri iliyo salama ni moja: mota ifungwe. Ndege isiyo na mota huanguka karibu. Yenye mota iliyobaki wazi huenda ikafika sokoni. Ondoa panga, washa mota kidogo, zima mtambo wa mkononi, na utazame kwa macho yako kwamba mota imesimama. Asiyepata kuliona hilo kwa macho asirushe.

Kuhusu nyaya za umeme na minara nitasema kwa ufupi. Nyaya za msongo mkubwa hutoa kelele zaidi kwenye masafa ya chini, kwa hiyo mwenye megahezi 27 au 35 ana haki ya kuziogopa, hasa mwanzo wa mvua, wakati vikombe vyake vilivyojaa vumbi la kiangazi vinapopata matone ya kwanza na kuanza kutoa cheche, lakini mwenye 2.4 hazimdhuru kwa mawimbi. Zitamdhuru kwa kumuua. Ndege iliyonaswa juu ya waya si mali yako tena: usipande, usiguse kwa mti wala kwa fito mbichi, na usimtume mtoto, bali waarifu wenye umeme. Mnara wa simu nao uachie umbali wa meta mia kadhaa, kwa kuwa kipokezi kilicho karibu na mtambo wenye nguvu huzibwa masikio hata kama masafa hayafanani.

Jambo hili la ndege kukataa kusikia likitokea angani, nalo litatokea hata kwa mwangalifu, inua mtambo juu ya kichwa, ugeuze ubavu wa antena uielekee ndege, piga hatua mbili tatu pembeni, punguza mota, na uirudishe ndege kwako kwa mpindo mpana, bila michezo. Halafu tua, hata kama imetulia. Wengi wameipoteza ndege yao katika duru ya pili, baada ya kusema, “Ah, imepita.”

Limebaki la majirani. Wazee wa mji huu, wale waliouona ulipoitwa Jadotville, wanaikumbuka ile ndege ya jeti ya Katanga, aina ya Fouga Magister, iliyowashambulia askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa hapa Septemba 1961, na mashariki mwa nchi yetu leo ndege zisizo na rubani ni habari ya vita. Kitu kingurumacho angani bila mtu ndani yake hakiwezi kuwa mchezo kwa kila anayekisikia. Nenda kwanza kwa mkuu wa mtaa na kwa mwenye kibali cha ardhi ya mgodi, ueleze, uonyeshe, upate idhini ya mamlaka za usafiri wa anga, na ujue kwamba masafa ya redio katika Kongo yako chini ya ARPTC, mamlaka ya kusimamia posta na mawasiliano ya simu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Usinunue kikuza nguvu cha magendo ili ndege ifike mbali zaidi ya macho yako, kwa kuwa utakuwa umegeuka wewe mwenyewe kuwa ule mwingiliano unaoulaani.

Nina ombi moja kwa wenzangu wa Likasi na Kambove walio na mitambo ya zamani ya megahezi 35 ndani ya nyumba zao: kabla hamjaiwasha, hata kwa kujaribu tu uani, fungueni kifuniko, msome namba iliyo juu ya kristali, na mniletee namba hiyo niiandike ubaoni. Ubao umetundikwa nje ya mlango wa duka langu, vibanio vipo, na kalamu imefungwa kwa uzi.